Je, Wajua? Bodi Ndogo Huipa Mashine Kuukuu Masikio na Mikono

Je, wajua kwamba mashine ya kuchonga chuma iliyobuniwa kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia yaweza leo kuongozwa na kompyuta, na kwamba bodi inayoiongezea masikio na mikono inaenea kiganjani?

Mashine ya milingi aina ya Bridgeport ilianza kuuzwa mwaka 1938 huko Bridgeport, Connecticut, nchini Marekani. Mwili wake wa chuma hudumu miaka mingi, hivyo mafundi huona hasara kuitupa. Hung'oa mikono ya kuzungushia meza, hufunga mota, kisha huikabidhi mashine kwa kompyuta yenye LinuxCNC, programu ya bure iliyochipuka katika taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, miaka ya 1990.

Hapo ndipo nafasi hupungua. Kompyuta za kazi hii mara nyingi hutumia tundu la printa la zamani lenye pini 25. Kati ya hizo, 12 hutoa amri na 5 tu hupokea taarifa. Mota tatu humeza pini sita, moja ya hatua na moja ya mwelekeo kwa kila mota. Swichi za mwisho wa meza nazo zadai nafasi. Pampu ya maji ya kupoza, taa na vitufe vya fundi vitakaa wapi?

Jibu la bei nafuu ni Arduino, bodi iliyozaliwa mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia, ikapewa jina la baa waliyokutania waanzilishi wake. Arduino Uno ina pini 14 za kuwasha na kuzima, na 6 za kupima volti. Dada yake, Mega 2560, ana 54 na 16. Funga potensiometa, ndugu wa volyumu ya redio, kwenye pini ya kupimia: volti 0 hadi 5 hugeuka namba 0 hadi 1023, na fundi hupunguza mwendo wa meza kwa vidole viwili.

Tazama kitufe kwa karibu. Ukikibonyeza, metali mbili ndani yake hugongana na kudunda kwa milisekunde chache kabla ya kutulia. Kwako ni bonyezo moja. Kwa chipu ya bodi, yenye midundo milioni 16 kwa sekunde, ni mabonyezo kadhaa. Programu isiposubiri kitambo, tuseme milisekunde 20, pampu itawaka na kuzima ovyo.

Wala pini haiwezi kuendesha pampu yenyewe, kwa kuwa miliampea 20 ndizo mzigo wake salama. Pini huamuru transista, transista huamsha rilei, na rilei ndiyo hupitisha umeme mkubwa. Swichi za volti 24 hupitia optokapla: taa ndogo sana humulika kihisi, ujumbe ukavuka kwa mwanga bila nyaya za pande mbili kugusana.

Lakini kila chombo kina kazi yake. Ujumbe wa USB kati ya bodi na kompyuta hupishana kwa milisekunde, ilhali hatua za mota hupimwa kwa mikrosekunde. Kwa hiyo hatua zibaki kwa kompyuta, bodi ishike vitufe, taa na pampu. Tena programu ya bodi iandikwe izime kila kitu pindi mawasiliano na kompyuta yanapokatika.

Na kitufe chekundu cha dharura kamwe kisitegemee programu. Waya wake uende moja kwa moja kwenye kontakta inayokata umeme wa mota. Arduino ipewe taarifa tu. Fundi mwenzangu, bodi ikiungua utanunua nyingine. Kidole hakina duka.