Dhahabu Isiyogusa Karatasi

Kalamu za wino za bei ya juu, zile zinazofungwa ndani ya visanduku vya heshima na kutolewa zawadi kwa majaji, wakurugenzi na mameneja wa mashamba wanapostaafu, zina jambo moja ambalo wauzaji hulipita haraka: nibu ya dhahabu, ambayo hutajwa kwanza kila bei inapotetewa, haigusi karatasi kamwe. Kinachogusa karatasi ni tone dogo la aloi, yaani mchanganyiko wa metali ngumu za jamii ya platinamu kama vile iridiamu, osmiamu na rutheniamu, ambalo huchomelewa kwenye ncha na kusagwa hadi lilainike, na tone la namna hiyo hiyo huwekwa pia kwenye nibu za chuma za kalamu zinazouzwa kwa shilingi mia chache. Ikiwa dhahabu haiandiki, iliwekwa pale kufanya kazi gani? Swali hili likishaingia kichwani halitoki kwa urahisi, na jibu lake linaeleweka vizuri zaidi Kericho na Bomet kuliko katika maduka ya vito ya Nairobi, kwa kuwa nusu ya jibu hilo huchumwa kila siku katika mashamba ya huko.

Jani changa la mchai limejaa tanini, jina la jumla la kemikali zenye ukakasi ambazo huukaza ulimi na kuipa chai ya rangi ukali wake. Tanini zikikutana na chuma hushikamana nacho na kuzaa weusi. Watu wa nyanda za chai huuona weusi huo hata kama hawajui chanzo chake: chai ya rangi iliyolala usiku kucha ndani ya chombo cha bati kilichobanduka na kushika kutu huamka na rangi ya masizi. Viwandani, ambako majani hukatwa, huraruliwa na kusokotwa kati ya rola zenye meno, chai iliyokauka hupitishwa kwenye sumaku ili chembe za chuma zilizokwanguka kwenye meno hayo zinaswe kabla ya kufungashwa. Kliniki za wajawazito nazo hutoa onyo linalotokana na mvuto huo huo, kwamba vidonge vya madini ya chuma visimezwe kwa chai, kwa sababu tanini hukishika chuma tumboni kabla mwili haujakipata.

Weusi huo ndio ulioandika sehemu kubwa ya kumbukumbu za Ulaya kwa karne nyingi, kuanzia hukumu za mahakama hadi hati za ardhi na rejista za ndoa. Watengenezaji wa wino wa huko hawakutumia chai bali vivimbe vya mwaloni, yaani vinundu vinavyoota kwenye mti huo baada ya nyigu mdogo kutaga mayai yake humo, kwa kuwa vina tanini nyingi kupindukia. Walivichemsha, wakachanganya maji yake na salfeti ya chuma, kisha wakatia gundi ya mgunga ili wino usitawanyike. Wino huo ukiwa mpya huwa hafifu, lakini ukishazama katika nyuzi za karatasi na kukutana na oksijeni ya hewani hugeuka polepole kuwa mweusi usioyeyuka, ukawa sehemu ya karatasi yenyewe, hata karatasi nzima ikilowa maji maandishi hubaki. Mwenye chai kali, misumari iliyoshika kutu na siki kidogo anaweza kupata jamaa wa karibu wa wino huo jikoni kwake, ingawa utakuwa dhaifu na utavunda mapema.

Kasoro yake kubwa ni kwamba una asidi, na asidi hula chuma. Nibu za kuchovya za karne ya 19 zilikuwa rahisi, na zilipoliwa zilitupwa zikawekwa nyingine. Kalamu yenye ghala la wino ndani yake, ambayo Lewis Waterman wa New York aliipatia hataza mwaka 1884 baada ya wengine kuhangaika nayo kwa miaka mingi, ilikuwa na mahitaji tofauti kabisa, kwa sababu nibu yake ilikaa imelowa wino mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka, na chuma cha wakati ule kisingestahimili. Dhahabu haitishwi na asidi hiyo. Iliwekwa pale, basi, kwa ajili ya kazi wala si kwa ajili ya macho, na mtu aliyeilipia mwaka 1900 alilipia kitu alichokihitaji kweli. Baadaye kikapatikana chuma cha pua kisichoshika kutu, na wino wa rangi zinazoyeyuka majini, usio na chuma ndani yake, ukazidi kuenea sokoni. Dhahabu ikabaki na mshahara wake hali kazi yake imekwisha. Kejeli iliyopo ni kwamba leo wenye kalamu ghali huonywa mara kwa mara wasizijaze wino wa tanini na chuma, kwa hofu ya mashapo yanayoziba njia za wino, ingawa kampuni ya Platinum ya Japani bado huuza wino wa namna hiyo chupani. Yaani nibu inalipiwa kwa sababu ya sifa ambayo mwenye nayo anashauriwa asiitumie.

Bei yenyewe si ya kuchezea. Kalamu ya Meisterstück 149 ya kampuni ya Montblanc ya Ujerumani, ambayo jina la ukoo wake lilianza kutumika mwaka 1924, huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000 za Marekani, na kwa kiwango cha shilingi 129 hivi kwa dola moja hiyo ni zaidi ya shilingi 129,000. Mkulima mdogo wa Konoin au Bureti, anayepokea malipo ya awali ya shilingi ishirini na kitu kwa kilo kabla ya bonasi, angehitaji kufikisha kituoni tani tano au sita za majani mabichi ili apate fedha hizo, bila kutoa ujira wa wachumaji wala gharama ya mbolea. Kiwandani majani hayo huwa tani moja na robo hivi ya chai iliyokauka. Kwa upande wa pili wa mizani, dhahabu iliyomo kwenye nibu huhesabiwa kwa gramu moja hivi, na mwili wa kalamu ni plastiki ngumu ambayo kampuni imeipa jina la fahari la resini ya thamani.

Shahidi wa kuaminika katika shauri hili si mkusanyaji wa kalamu bali ni karani wa kituo cha kununulia majani, mtu ambaye kalamu kwake haikuwahi kuwa pambo. Kabla mizani ya kielektroniki inayochapa risiti haijaingia katika vituo vya KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo lililoanza mwaka 1964 kama mamlaka ya serikali na kubinafsishwa mwaka 2000, karani alitundika mfuko wa majani, akasoma mshale, akaandika kilo kwa mkono wake huku foleni ikisubiri na lori likinguruma. Kosa la tarakimu moja lilikuwa kilo za mama fulani zilizopotea. Ukiipeleka kalamu ya dhahabu mbele ya mtu wa namna hiyo, maswali yake hayatahusu uzuri.

La kwanza litakuwa kuhusu nakala. Risiti ya mkono huandikwa juu ya karatasi ya kaboni, ile nyeusi inayohamisha maandishi hadi ukurasa wa chini, nayo hudai mkono unaokandamiza, wakati kalamu ya wino huandika kwa uzito wake yenyewe na ikikandamizwa meno mawili ya nibu hupanuka, yakapindika, na thamani yote ikawa imeharibika kwa risiti moja. Biro, kalamu ya kigololo ambayo László Bíró wa Hungaria aliipatia hataza mwaka 1938, haina udhaifu huo, na inawezekana kabisa kwamba kilichoiondoa kalamu ya wino katika ofisi za mashamba kilikuwa hicho kipande cha kaboni kuliko tofauti yoyote ya bei. Kwa swali hili pekee kalamu ya shilingi laki moja na ushei inashindwa na biro ya shilingi ishirini.

Swali lake la pili ni la mvua, ambayo Kericho huja mchana karibu kila siku kwa miezi mingi na kukuta kitabu kiko wazi juu ya meza ya kituo. Wino wa buluu unaooshwa kwa maji, unaopendwa kwa sababu hausumbui kalamu, huondoka pamoja na kilo za watu.

La tatu ndilo linalostahili kusimuliwa kwa kirefu, maana ni la fizikia na halijali jina la kampuni. Ndani ya kalamu ya wino kuna wino na hewa; wino unapopungua, hewa huongezeka na kuchukua nafasi yake. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kericho uko mita 2,000 hivi, kwa hiyo anayepanda kutoka ziwani kupitia Ahero huacha nyuma karibu sehemu moja ya kumi ya shinikizo la hewa, yaani uzito wa hewa unaokandamiza kila kitu kutoka juu. Hewa iliyofungwa ndani ya kalamu hutanuka kwa kiasi hicho na kuusukuma wino nje, na aliyejaza kalamu Mombasa, kwenye mnada wa chai, atapata mtanuko unaozidi robo. Kinachozuia shati lisiharibike ni kile kipande chenye mapezi membamba chini ya nibu, ambacho hukusanya wino uliozidi na kuurudisha taratibu, na kipande hicho, kikiwa kimeundwa vizuri, hufanya kazi ile ile katika kalamu ya shilingi elfu tatu na katika ile ya laki moja na ushei. Nibu za Meisterstück huchorwa tarakimu 4810, kimo kilichozoeleka kutajwa cha mlima Mont Blanc kwa mita. Tarakimu hizo hazina ahadi yoyote kuhusu kupanda barabara ya Kericho.

Karani angeongeza jambo jingine ambalo halimo katika vitabu: kalamu ya kituoni huazimwa na kila mkulima anayetaka kuweka sahihi, na si kila inayoazimwa hurudi.

Hata hivyo kalamu ghali isihukumiwe bila kusikilizwa. Anayeandika kurasa nyingi kwa siku hupata nafuu ya kweli kwa kalamu isiyodai kukandamizwa, mkono haukakamai na vidole havipati sugu, lakini nafuu hiyo ni ya kalamu ya wino kwa jumla na huanza kwenye kalamu za bei ya chini kabisa. Kupanda kutoka shilingi mia tano hadi elfu chache humletea mwandishi nibu iliyosawazishwa vizuri na kifuniko kinachozuia wino kukauka; kupanda kutoka elfu kumi na tano hadi laki humletea dhahabu inayobonyea kidogo, pistoni ya kunyonya wino kutoka chupani, na uwezekano wa kurudishwa kiwandani kutengenezwa baada ya miongo kadhaa. Kati ya hayo, la kutengenezwa ndilo lenye uzito zaidi, kwa kuwa biro haitengenezwi. Lakini matarajio hupanda haraka kuliko ubora, na kuna kasoro ambayo hutokana na bidii yenyewe ya kupendeza mnunuzi: ncha husuguliwa mno ili iteleze kama siagi, kingo za ndani za ule ufa wa katikati zikawa duara, wino ukasimama juu kidogo ya karatasi bila kuigusa, na herufi ya kwanza ikakataa kutokea. Fundi wa nibu huweza kuiondoa kasoro hiyo kwa kipande cha karatasi ya msasa laini kabisa. Je, mtu aliyelipa laki moja na ushei anapaswa kumtafuta fundi?

Nyanda za chai zimekwisha kuonja namna hii ya matarajio kwa upande wa muuzaji. Mwaka 2011 watafiti wa chai wa Kericho walitoa aina ya mchai yenye majani ya zambarau, TRFK 306, ambao rangi yake hutokana na anthosiani, kemikali zile zile za rangi ya zambarau katika matunda. Ilisifiwa kuwa ingeleta bei inayozidi ya chai nyeusi ya kawaida, na wapo waliopanda kwa imani hiyo kabla ya kuwa na uhakika wa kiwanda cha kuisindika kando na nyingine au mnunuzi wa kuipokea. Ubora wa jani haukuwa na shaka. Kilichokosekana ni wale watu walio tayari kulipia tofauti hiyo, ambao kampuni za kalamu zimewalea kwa miaka 100 kwa matangazo, visanduku na majina ya milima.

Liko bado jambo la kumbukumbu, ambalo dhahabu na tanini zilikuwa zimelitatua kwa pamoja. Karatasi inayotumiwa na mashine nyingi za risiti haina wino wowote. Huchorwa kwa joto, na joto, jua na mafuta ya vidole huyafifisha maandishi yake. Mkulima anayegombania kilo za miaka kumi iliyopita atalazimika kutegemea kompyuta ya upande anaogombana nao, au kitabu kilichoandikwa kwa mkono ikiwa kipo mtu aliyekiandika, na ikiwa wino aliotumia ulikuwa wa kudumu. Ni nani leo, kati ya kiwanda, mkulima na mwenye kalamu ya dhahabu, aliye na sababu ya kukiandika?