MRI inavyowaumbua vijeba, na pale inapopigwa chenga

Kila kikosi cha timu ya taifa ya vijana kinapotangazwa, swali la kwanza kijiweni huwa si nani atacheza namba tisa. Ni hili: "Hivi yule kweli ana miaka 17?" Wanaanza kuangalia ndevu, wanahamia kwenye misuli ya mapaja, mwisho hukumu inatoka. Kijeba huyo!

FIFA na CAF hawahangaiki na ndevu. Wao wanaangalia sehemu moja ndogo ya mwili ambayo shabiki hawezi kuiona hata akikaa mstari wa mbele: ndani ya kifundo cha mkono. Hapo ndipo safari za wengi zimeishia.

Sisi Watanzania kipimo hiki kimewahi kutubeba. Mwaka 2016, Serengeti Boys waliifunga Congo Brazzaville 3-2 hapa Dar es Salaam, wakaenda kufungwa 1-0 Brazzaville na kutolewa kwa sheria ya goli la ugenini. TFF ikakata rufaa juu ya umri wa mchezaji mmoja wa Congo. CAF ikaagiza akapimwe MRI. Congo wakashindwa kumpeleka, na mwanzoni mwa 2017 wakaenguliwa. Serengeti Boys wakapanda ndege kwenda Gabon, wakatoka suluhu na Mali, wakaifunga Angola 2-1, kisha wakaishia mikononi mwa Niger kwa bao 1-0.

Ila tusijifanye watakatifu. Mwaka 2005 Serengeti Boys hao hao walikuwa wamefuzu fainali za Gambia, wakaenguliwa kwa kosa la umri.

Sasa mashine ile inaona nini hasa? Na je, kila anayefeli ni mwongo?

MFUPA UNAANZA UKIWA GEGEDU

Tuanze na kuku. Ukila chipsi kuku wa kisasa, mwisho wa paja unakutana na kile kitu cheupe, laini, kinachotafunika. Hilo ni gegedu. Kuku yule amechinjwa akiwa na wiki chache tu, mifupa yake haijakomaa. Mkamate jogoo wa kienyeji aliyezeeka uone kama meno yako yatafua dafu.

Binadamu naye ni hivyo hivyo. Mtoto anapozaliwa, vifupa vyote vinane vya kifundo cha mkono bado ni gegedu. Ukimpiga picha ya eksirei, eneo lile linaonekana tupu, kana kwamba vidole vimening'inia hewani. Hajavunjika popote. Eksirei inaonyesha mfupa, gegedu haionyeshi. Vifupa viwili vya kwanza vinaanza kuonekana katika miezi ya mwanzo, vingine vinafuata kimoja kimoja, na cha mwisho, kilicho upande wa kidole kidogo, kinasubiri mpaka mtoto afike miaka tisa hadi 12 hivi.

Kwenye kusaka vijeba, macho yote yako kwenye mfupa mwingine, radiasi. Ni ule mfupa mrefu wa mkono unaoshuka upande wa dole gumba na kuishia kwenye kifundo. Ncha yake inaanza kugeuka mfupa mtoto akiwa na mwaka mmoja hivi. Kati ya ncha hiyo na mfupa wenyewe unabaki ukanda mwembamba wa gegedu. Huo ndio ukanda wa ukuaji.

Ndani yake chembe za gegedu zimejipanga mistari, kama mashabiki kwenye foleni ya geti siku ya Simba na Yanga. Za nyuma zinazaliana, za katikati zinavimba, za mbele zinageuka mfupa. Foleni inavyosogea ndivyo mkono unavyorefuka. Miguu nayo inarefuka kwa mtindo huo huo.

Balehe ikifika, homoni zinaanza kuamuru geti lifungwe. Cha kushangaza, amri kubwa inatoka kwa estrojeni, homoni tuliyozoea kuiita ya kike, hata kwa mvulana. Ukanda unazidi kuwa mwembamba, mfupa unaziba hapa na pale, mwishowe ncha na mfupa vinakuwa kitu kimoja. Geti likishafungwa, hakuna urefu mwingine unaoongezeka hapo.

Lionel Messi ni mfano mzuri. Akiwa mdogo alikosa homoni ya ukuaji ya kutosha, akaanza kuchomwa sindano, na alipokwenda Barcelona mwaka 2000 akiwa na miaka 13, klabu ilibeba gharama za tiba hiyo. Sindano zile zilimrefusha kwa sababu ukanda wake ulikuwa bado wazi. Angezianza akiwa na miaka 20, zisingemwongezea urefu.

KWA NINI KIFUNDO CHA MKONO?

Sababu ya kwanza, ukanda wa radiasi ni miongoni mwa zinazochelewa kufunga. Ya pili, mkono ni rahisi kupima. Mchezaji anauweka kwenye mashine, anatulia dakika chache, kazi imeisha. Ya tatu ni usalama. Eksirei inatumia mionzi, na si haki kummwagia mionzi kijana mzima kwa sababu ya mashindano. MRI inatumia sumaku na mawimbi ya redio, na gegedu inaiona vizuri.

Madaktari wa FIFA waliwapima wachezaji vijana 496 wa Uswisi, Malaysia, Algeria na Argentina, wenye miaka 14 hadi 19, ambao umri wao ulijulikana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Mikono ikagawanywa kwenye madaraja sita. Daraja la kwanza, ukanda uko wazi kabisa. La tano, umebaki mstari mdogo usiofika milimita tano. La sita, umeziba wote.

Kati ya wenye miaka 16, waliokutwa wameziba kabisa hawakufika hata mmoja kwa mia. Hapo ndipo FIFA ikapata silaha yake, ikaanza kuitumia rasmi kwenye Kombe la Dunia la U-17 Nigeria mwaka 2009. Sheria ni nyepesi: daraja la sita, rudi nyumbani.

Na watu wamerudi kweli. Januari 2023 Cameroon iliwapima vijana 30 waliokuwa kambini kujiandaa na mechi za kufuzu Afcon ya U-17. Wakafeli 21! Shirikisho lao, chini ya Samuel Eto'o, likawafyeka wote na kuanza kusaka wengine. Mwaka huo huo Sudan Kusini wakaenguliwa kwenye fainali za Algeria kwa kipimo hicho hicho.

HAPA SASA NDIPO PENYE UTATA

Shabiki akisikia mtu kafeli MRI anajua kesi imefungwa. Taratibu kwanza.

Mashine haisomi tarehe ya kuzaliwa. Inasoma kitu kimoja tu, kama geti limefungwa au bado. Na mageti ya watoto hayafungwi siku moja. Chukua vijana wawili waliozaliwa wodi moja, usiku mmoja. Mmoja anabalehe na miaka 11, mwenzake na miaka 14. Wakifika 16, mikono yao inaweza kusimulia hadithi mbili tofauti, na vyeti vyote viwili vikawa halali.

Ongeza na kanuni yenyewe. Kwa U-17 anayeruhusiwa ni aliyezaliwa kuanzia Januari Mosi ya mwaka fulani. Kwenye fainali za Nigeria 2009 ilikuwa Januari Mosi, 1992, na mashindano yalichezwa Oktoba na Novemba. Kijana wa Januari 1992 alikuwa na miaka 17 na miezi tisa au kumi, na bado ni halali kwa kanuni. Utafiti ule ule ulionyesha kwamba kwenye umri wa miaka 17 wapo kadhaa ambao mfupa umeshaziba. Huyo ana cheti cha kweli, mama yake anaijua siku aliyomzaa, halafu anaitwa kijeba mbele ya taifa zima.

Upande wa pili nako kuna chenga. Wapo wenye miaka 18 na 19 ambao ukanda haujaisha. Hata aliyebakiwa na kale kamstari ka daraja la tano anapita. Na mtoto aliyekulia kwenye njaa, au aliyeugua muda mrefu, mifupa yake inaweza kuchelewa. Kijeba wa aina hiyo anapita akichekelea.

Kwa wasichana ndiyo kabisa. Wao mifupa inafunga mapema zaidi ya wavulana, kwa miaka miwili hivi, kwa hiyo kipimo hiki cha wavulana huwezi kumvalisha binti wa U-17 ukasema umetenda haki.

Ndiyo maana makaratasi bado yana kazi. Mwaka 2019, Afcon ya U-17 ilipochezwa hapa Dar es Salaam, Guinea walifika mpaka fainali wakafungwa na Cameroon kwa penalti. Baadaye CAF ikawaengua kwa sababu ya wachezaji wawili. Kilichowaumbua ni tarehe za kuzaliwa: walizosajiliwa nazo kwenye mashindano ya Japan zilikuwa tofauti na zile walizokuja nazo Dar.

ANAYEUMIA NI MTOTO HALALI

Kijeba mmoja akiingia kikosini, kuna mtoto mmoja wa umri sahihi anabaki nyumbani. Hilo tunalijua. Tusilolisema sana ni kwamba kwenye ligi za mitaani na mashule, ambako hakuna MRI, mtoto wa miaka 13 anagongana na mtu mzima huku magegedu yake yakiwa bado wazi.

Ukanda wa ukuaji ni laini kuliko mfupa. Kipa mdogo akidondokea mkono, panapoachia panaweza kuwa pale pale kwenye ukanda wa radiasi, na usipotibiwa vizuri mkono unaweza kukua mfupi au uliopinda. Mazoezi ya kupitiliza yanavuta gegedu chini ya goti mpaka panavimba kinundu, au yanaumiza kisigino. Makocha wengi wanaita uvivu. Huyo anahitaji kupunguziwa mazoezi, si kuongezewa raundi za uwanja.

Hata hospitali kunahitajika umakini. Kwenye eksirei, ukanda ulio wazi unaonekana kama mstari mweusi unaokata mfupa, na asiyezoea picha za watoto anaweza kuuita ufa. Wazoefu wakiwa na shaka huwa wanalinganisha na mkono wa pili, kwa sababu ukanda wa kawaida unafanana pande zote mbili.

Kwa hiyo MRI ibaki, maana bila hiyo U-17 ingekuwa ligi ya wababa. Lakini isiachiwe kazi peke yake. Cheti kitolewe mtoto anapozaliwa, si wiki anayoitwa kambini. Rekodi za shule na za usajili wa klabu zifuatwe tangu akiwa U-13. Shirikisho liwapime vijana wake mapema na kimya kimya, na anayefeli aambiwe chumbani na mzazi wake akiwepo, si jina lake kurushwa kwenye magrupu.

Na sisi wa kijiweni, siku nyingine tukimwona dogo ana ndevu, tukumbuke balehe haisubiri filimbi ya refa.