UAMINIFU WA FUNDI WA MOTA

Mota ya kinu cha posho ikiungua, mwenye kinu hupata hasara mara mbili: kinu husimama, na fundi hudai malipo. Lakini iko hasara ya tatu, isiyoonekana kwa macho.

Mwaka 1933 wenye karakana za mashine za umeme huko Marekani waliunda chama, ambacho leo chaitwa EASA. Wanachama wake ni makampuni ya kazi hiyo. Chama kimeandika kanuni, nazo ni AR100. Kampuni itakayo cheti cha kuzifuata haipewi kwa kulipa ada tu, bali sharti ikaguliwe na watu wasio wake.

Kwa mfano, ili kutoa nyaya kuukuu, mota huchomwa katika tanuri. Kanuni zaagiza joto la chuma chake lisizidi digrii 370 za Sentigredi, au 400 kwa chuma chenye utando wa aina nyingine. Likizidi, utando utengao mabati membamba ya ndani huharibika. Mota itazunguka, lakini itapata joto na kula umeme mwingi kuliko kwanza. Mwenyewe hulipa kila mwezi, wala hajui sababu.

Uchunguzi uliotolewa mwaka 2003 na EASA pamoja na AEMT, chama cha Uingereza, ulionyesha kwamba mota iliyotiwa nyaya mpya kwa utaratibu mwema haipungukiwi na ubora wake.

Basi, msomaji, kabla hujamkabidhi fundi mota yako, mwombe vipimo vya kabla na baada ya kazi, vilivyoandikwa. Fundi mwaminifu hachukii kuulizwa.