Sindano ya Mama, Kinga ya Mtoto: Chanjo wakati wa ujauzito na utafiti unaodaiwa bado

 

Ndugu Waislamu, baada ya Swala ya Ijumaa moja alitufuata kijana aliyeoa karibuni. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi sita, na kliniki ilimtaka achomwe sindano ya pepopunda. Mama mzazi wa mke alikataa, kwani alikuwa amesikia mtaani kwamba sindano hiyo hufunga kizazi. Kijana akatuuliza: "Sheikh, nimsikilize nani, daktari au mama mkwe? Na dini inasemaje?" Swali hilo tumeulizwa mara nyingi. Leo tumeona tulijibu mbele ya wote, kwa kuwa linahusu roho mbili kwa pamoja.

Siku ya saba

Katika nyumba zetu siku ya saba ni siku ya furaha. Mtoto hunyolewa nywele, hupewa jina, na akika huchinjwa. Lakini wazee wetu wanaijua siku hiyo kwa sura nyingine pia. Mtoto aliyezaliwa mzima na kunyonya vizuri siku mbili tatu, ghafla huacha titi, taya zikakaza, na mwili ukajipinda kwa kila mguso na kila sauti. Sisi wenyewe utotoni tulishuhudia nyumba ya jirani ambamo mbuzi wa akika alikuwa amefungwa uani, na ndani sanda ilikuwa ikikatwa. Kuna waliosema ni shetani, na kuna waliosema ni kijicho cha mahasidi. Ilikuwa ni pepopunda.

Kijidudu cha maradhi haya hukaa katika udongo na kinyesi cha wanyama. Humwingia mtoto kupitia kitovu kilichokatwa kwa kifaa kichafu au kupakwa vitu visivyo safi, na dalili huonekana aghalabu baina ya siku ya tatu na ya kumi na nne. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 1988 watoto wachanga wapatao 787,000 walikufa kwa pepopunda duniani. Mwaka 2018 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 25,000. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imeyatokomeza maradhi haya kwa wachanga, yaani katika kila wilaya hayampati hata mtoto mmoja katika kila 1,000 wanaozaliwa hai. Hata hivyo, kijidudu hakiwezi kuondolewa udongoni. Tukiiacha kinga, nacho kitarudi.

Kinga hiyo hufanya kazi hivi. Mama anapochanjwa, mwili wake hutengeneza kingamwili, nazo humpitia mtoto kwenye kondo la nyuma, hasa katika miezi ya mwisho ya mimba. Mtoto huzaliwa akiwa na silaha alizopewa na mamaye, kabla hajafikia umri wa kupata chanjo zake mwenyewe. Mama ambaye hajawahi kuchanjwa hupewa dozi mbili zinazoachana kwa wiki nne au zaidi, na ya pili iwe angalau wiki mbili kabla ya kujifungua. Akikamilisha dozi tano kwa ratiba yake, huwa amekingwa kwa miaka yake yote ya uzazi. Ama dai la kufunga kizazi, shahidi ni kadi ya kliniki: mama aliyechomwa katika mimba ya kwanza hurudi na ya pili na ya tatu, na sindano zimeandikwa humo kwa tarehe.

Ieleweke pia kwamba si kila chanjo hupewa mjamzito. Zile zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ya surua na rubela, huepukwa wakati wa mimba. Hizo zina wakati wake, nao ni utotoni au kabla ya mimba.

Sheria inasemaje

Allah (S.W.) katika Surat Luqman ametukumbusha udhaifu juu ya udhaifu anaoupitia mama katika kubeba mimba. Kwa ajili hiyo sheria imemruhusu mjamzito kula mchana wa Ramadhani akihofia nafsi yake au mtoto wake. Ikiwa nguzo ya dini imelegezwa kwa hofu ya madhara, vipi tutapuuza kinga ya madhara yenyewe? Mafakihi wamekubaliana kwamba madhara huondolewa, na kwamba jambo la yakini haliachwi kwa sababu ya shaka. Hatari ya pepopunda ni yakini iliyoonekana makaburini. Uvumi wa mtaani ni shaka. Aidha, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1992 liliweka wazi kuwa asili ya kujitibu ni jambo lililoruhusiwa, na kwamba huwa wajibu pale ambapo kuacha kwake kutaangamiza nafsi au kuwaambukiza wengine.

Tulimshauri kijana asibishane na mkwewe, bali amwombe kwa adabu wafuatane kliniki. Mama yule alikwenda, akauliza yote yaliyokuwa moyoni mwake. Swali lake la mwisho lilitufikia nasi, na hatukulisahau: "Hizi dawa mmezijaribu kwa wanawake wa huku, au kwa wa Ulaya tu?"

Utafiti unaodaiwa

Swali hilo si la ujinga. Kwa chanjo ya pepopunda jibu ni jepesi, maana imetumika kwa wajawazito wa Afrika kwa miongo mingi. Lakini kwa chanjo mpya, mama yule amegusa jeraha la kweli.

Tangu msiba wa dawa ya thalidomide, iliyoondolewa sokoni kuanzia mwaka 1961 baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo vyenye kasoro, watafiti wengi wamewaweka wajawazito nje ya majaribio. Nia ilikuwa kuwalinda. Matokeo yake mara nyingine yamekuwa kuwaacha bila kinga. Ebola ilipowashika ndugu zetu wa Kivu Kaskazini na Ituri, Kongo, kuanzia mwaka 2018, wajawazito walinyimwa chanjo mwanzoni, ilhali ugonjwa wenyewe huangamiza karibu kila mimba. Waliruhusiwa mwaka 2019. Mwaka 2020 majaribio makubwa ya kwanza ya chanjo za UVIKO-19 nayo yaliwaacha nje, na ikabidi mama aamue bila ushahidi wa kumwongoza.

Kwa upande mwingine, utafiti makini hujua kusimama. Kuna virusi viitwavyo RSV vinavyoshambulia mapafu ya wachanga. Mwaka 2022 kampuni ya GSK ilisimamisha majaribio ya chanjo yake kwa wajawazito, baada ya kuonekana watoto njiti wengi zaidi upande wa waliochanjwa. Chanjo ya Pfizer iliidhinishwa Marekani mwaka 2023, kwa sharti la tahadhari kwamba itolewe baina ya wiki ya 32 na ya 36 ya mimba. Je, wiki hizo zinawafaa akina mama wetu, ambao wengi hawajui kwa hakika mimba ina wiki ngapi? Hilo ni la kuchunguzwa hapa kwetu.

Yapo na mengine. Malaria ikiingia kwenye kondo la nyuma hupunguza kingamwili zinazomfikia mtoto, na virusi vya UKIMWI vivyo hivyo. Ratiba iliyopimwa katika nchi zisizo na malaria haitoshi kutuongoza. Inatakiwa ijulikane kama kingamwili za mama hufifisha chanjo za mtoto mwenyewe baadaye, na kwa kiasi gani. Na yanahitajika madaftari yanayounganisha tarehe ya sindano na matokeo ya uzazi, ili mimba ikiharibika ijulikane kama ni sindano au ni kadari ambayo ingetokea vyovyote. Pasipo madaftari hayo, uvumi hauna wa kuupinga.

Utafiti huo nao una mipaka. Baraza lile lile la Jeddah lilishurutisha ridhaa ya mtu mwenye akili timamu, asiyelazimishwa wala kurubuniwa kwa umaskini wake. Basi mama aelezwe kwa lugha anayoifahamu, aulize, na akikataa asinyimwe huduma.

Ndugu zetu waume, mpeni mkeo nauli ya kliniki mapema, na ikiwezekana fuataneni. Mama wakwe, ulizeni kama alivyouliza mwenzenu. Kijana wetu alitualika akika mwezi uliopita. Mtoto alilala kwa bibi yake mchana kutwa, akiamka kunyonya tu.

Tunamwomba Allah (S.W.) awahifadhi mama zetu na vizazi vyetu. Amin. Wallahu a'alam.