Jinsi Tunavyozipima Hadithi za Picha

Wengi humu shuleni hudhani kwamba hadithi za picha ni mchezo wa watoto wadogo, wala hazistahili kujadiliwa kama tunavyojadili tamthilia darasani. Sisi wachache wa Kidato cha Nne tunaokutana Jumamosi baada ya kufua twaona vingine, nami nataka kueleza shughuli yetu ili asiyetujua asitucheke bure.

Kwanza ijulikane kwamba simu haziruhusiwi bwenini. Kwa hiyo hadithi za mtandaoni, pamoja na zile za Kijapani ziitwazo manga, husomwa likizoni. Mwenzetu wa Mpanda mjini hurudi amesoma sura 20. Yule atokaye kijiji cha mbali kando ya Ziwa Tanganyika, ambako mtandao hutafutwa juu ya kilima, hurudi hajasoma hata moja. Basi aliyesoma ana deni kwa asiyesoma. Akisema tu, "Ni nzuri sana, jamaa wanapigana," hajalipa kitu. Twamdai achore ubaoni ukurasa mmoja anaoukumbuka, kisha atueleze kwa nini ameuchagua huo.

Manga husomwa toka kulia kwenda kushoto. Waliopitia madrasa hawasumbuki, kwani ndivyo Kiarabu kinavyosomwa. Wengine hujikuta wamesoma jibu kabla ya swali. Nyingi hupigwa chapa kwa wino mweusi mtupu, hivyo mchoraji hawezi kujificha nyuma ya rangi. Itazame khasa nafasi nyeupe iliyo kati ya kisanduku na kisanduku. Katika cha kwanza mtu ameinua panga. Katika cha pili ndege wanaruka kutoka mtini. Pigo lenyewe halikuchorwa. Msomaji ndiye aliyelipiga! Kwa maoni yangu hapo ndipo mchoraji hodari ajulikanapo, si katika kuchora misuli.

Juu ya urefu twabishana mno. Naruto ya Masashi Kishimoto ilianza 1999 ikaisha 2014. One Piece ya Eiichiro Oda ilianza 1997, na kitabu chake cha 100 kilitoka 2021. Zote mbili zilitolewa kidogo kidogo katika gazeti la kila juma, Shonen Jump, lililoanzishwa 1968. Gazeti hilo lilizoea kuwapa wasomaji kadi za kutaja hadithi walizozipenda, na hadithi iliyokosa kutajwa iliweza kukatwa. Nilipolijua hilo ndipo nilipofahamu kwamba maoni ya msomaji si porojo. Yaweza kumnyima mtu ugali wake. Ndiyo maana kwetu hakuna ruhusa ya kusema "mbaya" bila kuonyesha kisanduku kilicho kibaya.

Mmoja wetu alisema kwamba Watanzania hatuna sanaa hii. La, hasha. Chakubanga wa Christian Gregory aliwachekesha wasomaji wa gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960. Baadaye likaja Sani, lililopata jina lake kutokana na majina ya waanzilishi, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, likatuletea Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji wake mashuhuri, alifariki 1986 akiwa bado kijana.

Tulipata nakala chache zilizochakaa, tukazipima kwa kipimo kile kile. Majina ni ya ajabu: Lodi Lofa, yaani ubwana na ulofa ndani ya suruali moja! Kabla hujaona picha umekwisha kupata nusu ya kisa. Lakini mimi naona maneno yamezidi, na picha huwa kama msindikizaji tu.

Rafiki yangu hakubali hata kidogo. Asema mzaha wetu u katika ulimi, na kwamba ukiyaondoa maneno yale kicheko nacho chaondoka. Hatujaafikiana. Jumamosi ijayo atachora ubaoni ukurasa mzima wa Sani pasipo neno hata moja, nasi tutawaita wa Kidato cha Kwanza tuone kama watacheka.