Oili Chafu ya Motokaa: Itiwe Wapi?

Jomvu Kuu ni mji wa kale. Wenyeji wake, Wajomvu, huhesabiwa katika Thenashara Taifa za Mombasa, na tangu zamani maisha yao yametegemea mashamba na ule mkono wa bahari uingiao bara kutoka Tudor. Lakini barabara kuu iendayo Nairobi haiko mbali, na siku hizi sauti ya injini imezoeleka huko kama sauti ya kasia. Wako wenye motokaa zao, wako wenye tuktuk za abiria, na vijana wengi wapata riziki kwa pikipiki za bodaboda. Kwa kuwa fundi hutaka ujira, wengi wamejifunza kubadilisha oili wenyewe nyumbani. Jambo hilo lastahili kusifiwa, maana mtu ajuaye kutunza chombo chake hudumu nacho.

Kazi yenyewe si ngumu. Injini hupashwa moto kidogo, karai huwekwa chini, nati hufunguliwa, na oili nyeusi hushuka. Motokaa ndogo hutoa kama lita nne, pikipiki hutoa kama lita moja, na lori kubwa laweza kutoa lita 20 na zaidi. Nati ikisha kukazwa na oili mpya ikisha kutiwa, mwenye chombo hufurahi. Hapo ndipo hubaki lile karai, nalo halina mwenyewe. Kijana huambiwa, “Kamwage huko nyuma,” naye hulimwaga nyuma ya ukuta, au mtaroni, au katika shimo la choo, na neno limekwisha.

Neno halikwisha. Watu hudhani ya kuwa ardhi huinywa oili kama inywavyo maji ya kunawia, lakini sivyo. Oili haichanganyiki na maji wala haikauki kwa jua. Hushikamana na udongo ikakaa miaka. Sehemu nyingi za bara ya Mombasa upande wa Changamwe, Mikindani na Jomvu ni za udongo mzito wa mfinyanzi, ambao haupitishi maji upesi. Kwa hiyo masika ikipiga, maji hutelemka juu ya ardhi kuelekea mitaroni, na kutoka mitaroni huelekea baharini, yakichukua kila kilichomwagwa tangu mvua za vuli. Na mahali penye mchanga, au penye shimo la choo lililochimbwa karibu na kisima, oili hushuka polepole mpaka ikakutana na maji ya chini.

Idara ya Marekani inayosimamia mazingira imesema kwamba oili itokayo katika motokaa moja kwa kubadilishwa mara moja tu yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji matamu, yaani karibu lita milioni nne. Hesabu hiyo ni kubwa hata mtu aweza kuidhania porojo. Maana yake si kwamba maji hayo yote yatakuwa meusi. Maana yake ni kwamba kiasi kidogo mno chatosha kuyatia harufu na ladha na sumu hata yasifae kunywewa. Watu wa Mombasa wajua thamani ya kisima. Bomba la kuleta maji kutoka chemchemi za Mzima lilikamilika mwaka 1957, na mengine yameongezwa, lakini mji umekua kuliko mabomba yake, na mifereji inapokauka watu hurudi visimani. Kisima kilichoingiwa na oili hakisafishwi kwa kutekwa maji siku mbili tatu.

Wazee hukumbuka ya kuwa zamani watu wa idara ya afya walikuwa wakinyunyiza mafuta juu ya vidimbwi ili kuua viluwiluwi vya mbu. Ni kweli, na dawa hiyo ilifanya kazi. Utando mwembamba wa mafuta huenea juu ya maji na kuwazuia viluwiluwi wasipate pumzi. Wako wanaomwaga oili chafu vidimbwini mpaka leo kwa kufuata desturi hiyo, wakidhani wafanya wema. Lakini utando ule hauchagui. Uwezao kumkosesha mbu pumzi ndio huo huo unaowakosesha pumzi wadudu wa majini ambao samaki huwala, na vitoto vya kamba, na mayai ya samaki, pindi kidimbwi kifurikapo na maji yake kufika baharini.

Huko baharini yaliyo hatarini zaidi ni mikoko. Mtu aliyeshuka matopeni maji yakiwa yamekupwa ameiona mizizi ya mchu, jinsi isimamavyo wima kama vidole. Mizizi hiyo ndiyo pua za mti, kwani tope halina hewa ya kutosha. Oili ikiipaka, matundu yake huziba, na mti hufa polepole, majani yakianza kugeuka manjano. Katika mizizi hiyo hiyo ndimo kaa na kamba wanamojificha wakiwa wadogo, ndimo chaza wanamoshika, na chini yake huokotwa tondo. Chaza hana hiari katika jambo hili: hula kwa kuyavuta maji na kuyachuja, na kilichomo majini humwingia mwilini, naye akiliwa humwingia mlaji.

Mombasa imekwisha kuona mfano wa jambo hili kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitoboka, na tani zipatazo 5,000 zikamwagika na kuangamiza mikoko katika mkono wa bahari wa Makupa. Mwezi wa Aprili 2005 mafuta ghafi yalivuja kutoka katika meli bandarini Kilindini, yakaingia katika mikoko ya Port Reitz. Siku hizo kila mtu alisema, na magazeti yaliandika. Karai la lita nne haliandikwi gazetini. Lakini meli huvuja mara moja baada ya miaka mingi, na makarai humwagwa kila juma, katika kila mtaa, na hakuna ahesabuye.

Tena oili chafu si sawa na oili iliyotoka dukani. Ikiwa ndani ya injini huchomwa na moto, hukusanya masizi, na huchukua vumbi la madini linalotokana na kusagana kwa vyuma. Zamani ilikuwa na risasi nyingi kwa sababu petroli yenyewe ilitiwa risasi. Kenya iliiacha petroli ya namna hiyo ilipofika mwanzo wa mwaka 2006, na hilo limepunguza ubaya, lakini halikuuondoa wote. Wataalamu waliipaka oili iliyotumika katika injini juu ya ngozi za panya, wakaona inaleta saratani. Kwa hiyo fundi asiivumilie mikononi mchana kutwa, wala asiweke kitambaa chenye oili mfukoni mwa suruali. Anawe kwa sabuni na maji. Kunawa kwa petroli, kama wafanyavyo wengi, huondoa weusi lakini hukausha ngozi na kuifungulia njia ile sumu.

Mtu akisema ya kuwa taka za motokaa haziwezi kudhuru kijiji kizima, na atazame Owino Uhuru, ambako si mbali na Jomvu Kuu. Huko palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi, kikafungwa mwaka 2014 baada ya wenyeji, wakiongozwa na Bibi Phyllis Omido, kulalamika kwamba watoto wanadhurika. Mwaka 2020 mahakama iliyokaa Mombasa iliamuru wenyeji walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha mwezi wa Desemba 2024. Betri si oili, lakini zote mbili hutoka katika gari lile lile, na hudhuru kwa namna moja, pasipo kelele, mpaka daktari aipime damu.

Yafaa sasa kutazama matumizi ambayo watu wameyabuni, maana wengi hawaimwagi oili chafu bali huiweka kwa kazi. Mashuhuri zaidi ni kupaka nguzo zisiliwe na mchwa. Nguzo ya ua, iliyo mbali na kisima na mbali na ghala la chakula, ikipakwa kwa brashi na kuachwa ikakauka, ubaya wake si mkubwa kama kumwaga mtaroni. Lakini mti uliopakwa usitiwe jikoni kamwe, hata ukiisha kuoza, kwa maana moshi wake una sumu. Mafundi wa ujenzi huzipaka mbao za kumiminia zege ili zisishike. Hao nao waangalie isidondoke chini. Kuinyunyiza barabarani ili kutuliza vumbi ni sawa na kuimwaga, tena kwa kuitawanya. Na kumpaka mbwa mwenye ukurutu, au mtu kidonda chake, ni ujinga usiofaa hata kujadiliwa.

Njia iliyo sawa haina gharama kubwa. Mwenye chombo na atwae karai pana, na chini yake atandike gunia au boksi. Oili ikisha kushuka, aiache idondoke mpaka tone la mwisho. Chujio la zamani nalo lina oili nyingi ndani yake. Alitoboe kichwani na kuligeuza juu ya karai usiku kucha kabla ya kulitupa. Kisha oili yote imiminwe kwa faneli katika kile kidumu kilicholeta oili mpya, kifunikwe, na kiandikwe kwa wino usiofutika. Asichanganye na petroli, wala maji ya rejeta, wala mafuta ya breki, wala rangi, kwa sababu oili iliyochanganywa wanunuzi huikataa. Kilichodondoka chini kifunikwe kwa unga wa mbao au mchanga mkavu, kisha kizolewe. Kukiosha kwa sabuni ni kukisukuma kiende mtaroni. Na kidumu hicho kisirudi tena kuwa cha maji, wala cha mafuta ya taa, wala cha mafuta ya kupikia. Watoto hawasomi maandishi.

Kidumu kikijaa, kipelekwe wapi? Hapa ndipo penye ugumu, na ni haki kusema hivyo. Sheria ya Kenya juu ya taka, iliyotolewa mwaka 2006, yaihesabu oili chafu kuwa taka ya hatari, na yataka anayeichukua awe na leseni ya NEMA. Lakini wachukuzi hao hawaji kwa ajili ya kidumu cha lita nne. Huenda kwenye gereji kubwa na vituo vya petroli penye mapipa. Kwa hiyo mwenye gari na aulize gereji iliyo karibu naye kama yapokea. Nyingi hupokea bila ya malipo, kwa sababu wao huiuza. Oili haichakai, huchafuka tu, na viwandani husafishwa ikawa oili tena: galoni moja ya oili chafu yaweza kutoa oili safi kiasi kile kile ambacho kingehitaji galoni 42 za mafuta ghafi. Nyingine huchomwa katika matanuri ya saruji, ambayo joto lake hupita digrii 1,400, badala ya makaa.

Wako pia wanunuzi wa namna nyingine, wanaopita mitaani na kutoa bei nzuri bila ya kuonyesha karatasi yoyote. Baadhi yao huichuja kwa kitambaa, huitia rangi, na kuiuza katika vidumu vyenye chapa mashuhuri. Mwuzaji wa oili chafu aweza kuinunua oili yake mwenyewe mwezi ujao, na injini ikafa. Leseni iombwe ionyeshwe, na vidumu vitupu vya oili mpya vitobolewe kabla ya kutupwa.

Kwa watu wa bodaboda jambo ni rahisi kuliko kwa mwenye gari moja. Kituo chenye pikipiki 40 hutoa kama lita 40 kila zinapobadilishwa oili zote, na pikipiki hubadilishwa mara nyingi kuliko motokaa. Pipa la lita 200, lenye kifuniko na lililowekwa chini ya paa juu ya sakafu ya saruji, litajaa kwa zamu tano, na kwa pipa zima mchukuzi mwenye leseni aweza kuja mwenyewe. Fedha atakazotoa si nyingi, lakini ni za kituo. Mmoja wao na ashike ufunguo, na aandike katika daftari kila lita inayoingia na jina la aliyeileta.