Kemikali za Mimea Dhidi ya Usugu wa Bakteria

Dawa inaposhindwa kumponya mgonjwa, wengi wetu hudhani kwamba dawa hiyo ni hafifu. Huenda dawa ni nzima, ila bakteria wamekuwa sugu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet ulikadiria kuwa usugu huo ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019.

Bakteria hujikinga kwa njia kadhaa: huivunja dawa, hubadilisha mahali ambapo dawa ingeshika, au huitoa nje. Tuitazame njia hii ya mwisho. Staphylococcus aureus, bakteria asababishaye majipu, ana pampu katika utando wake iitwayo NorA. Dawa kama siprofloksasini ikiingia, pampu huisukuma nje kabla haijafikia kiwango cha kuua.

Mwaka 2000, watafiti nchini Marekani, wakiwamo Frank Stermitz na Kim Lewis, walieleza jinsi mimea ya jamii ya Berberis inavyoikabili pampu hiyo. Mimea hiyo hutengeneza berberini, inayodhuru bakteria lakini hutolewa nje upesi na NorA. Hutengeneza pia kemikali ya pili, ambayo peke yake haiui bakteria, bali huizuia pampu. Zikiwa pamoja, berberini hubaki ndani na kutimiza kazi yake. Piperini, iliyomo katika pilipili manga ilimwayo Zanzibar na Muheza, nayo imeonekana katika maabara kuizuia NorA na kuiongezea nguvu siprofloksasini.

Je, tumeze dawa pamoja na pilipili manga? Hapana. Yanayofaulu katika maabara huweza kudhuru mwilini. Reserpini, itokanayo na mmea wa Rauvolfia, huizuia pampu hiyo, lakini kwa kiwango ambacho ni hatari kwa mgonjwa. Piperini nayo huweza kuongeza katika damu kiasi cha dawa nyingine, kama fenitoini ya kifafa.

Basi, wakati watafiti wanaendelea na kazi yao, wajibu wetu uko wazi: tusinunue dawa za bakteria bila cheti cha daktari, tuzitumie kama tulivyoelekezwa, tusigawiane mabaki, na tumweleze mganga wa hospitali mitishamba tunayotumia. Tukizilinda dawa tulizo nazo leo, tunamlinda mtoto mchanga, mama aliyejifungua kwa upasuaji na kila mgonjwa atakayezihitaji kesho.